Kalkulasi ya mwaka wa kwanza kwa aliyetoka PCB: kinachoangusha ni aljebra

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, kombi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia), na hesabu nimesoma BAM tu, yaani Basic Applied Mathematics. Nimechaguliwa shahada ya sayansi ya kompyuta na kwenye orodha ya kozi za muhula wa kwanza nimeona kalkulasi. Waliotangulia wananiambia hiyo ndiyo inayopeleka watu sapu, yaani kurudia mtihani, na kwamba wenzetu wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) watatuacha mbali. Nimesharudi kutoka JKT, nina kama wiki sita kabla ya chuo kufunguliwa. Je, nitaweza? Wiki hizi nizitumieje? Na ninunue kikokotoo kizuri zaidi? – Msomaji, Songea*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuchaguliwa.

Waliokutangulia wamekuambia nusu ya ukweli. Kalkulasi ya muhula wa kwanza kweli hupeleka wengi sapu. Lakini ukikaa upande wetu wa meza, kalamu nyekundu mkononi na marundo ya karatasi mbele yako, unaona jambo ambalo mwanafunzi halioni. Wengi wanaoanguka wameandika kanuni ya kalkulasi bila kosa. Mstari wa kwanza uko sawa, wa pili uko sawa, halafu kwenye wa tatu (x + h)² imegeuka kuwa x² + h². Au x ya juu imekatwa na x ya chini wakati kuna alama ya kujumlisha inayoizuia. Au sehemu mbili zimejumlishwa kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Hayo ni makosa ya kidato cha pili na cha tatu, na ndiyo yanayokula alama.

Kwa hiyo wiki sita zako zipe aljebra na trigonometria, na kalkulasi yenyewe uiguse kidogo tu mwishoni. Najua si jibu ulilotegemea. Mtu akisikia kozi inaitwa kalkulasi hukimbilia video za intigresheni, akafika chuoni anajua mbinu za ajabu na bado hawezi kurahisisha sehemu.

Jipime kwanza. Weka simu na kikokotoo chumba kingine, chukua karatasi na nusu saa, ufanye haya saba. Fungua (x + h)³. Andika 1/(x + h) − 1/x kama sehemu moja. Tafuta vigawo vya x³ − 8. Chukua (√(x + h) − √x)/h, uiandike upya ili vipeuo visiwepo juu. Tatua |2x − 6| < 1. Tafuta x zote kati ya 0 na 2π ambazo sin x = 1/2, kwa radiani. Mwisho, tatua ln x + ln(x − 1) = ln 6.

Majibu, kwa mpangilio huohuo: x³ + 3x²h + 3xh² + h³, kisha −h/(x(x + h)), kisha (x − 2)(x² + 2x + 4), kisha 1/(√(x + h) + √x), kisha x iliyo kati ya 2.5 na 3.5; kisha π/6 na 5π/6; na la saba ni x = 3 peke yake. Kama uliandika pia −2 kwenye la saba, hukukosea kutatua mlinganyo, umesahau tu kwamba kwenye namba halisi, tunazotumia hapa, namba hasi haina logarithimu. Ukipata yote saba, lala usingizi. Umewazidi wengi utakaokaa nao ukumbini. Ukipata matatu au manne, ambayo ndiyo kawaida, basi umeshajua wiki sita zako zinaenda wapi.

Maswali hayo sikuyaokota tu. Chukua la pili. Katika wiki za mwanzo mhadhiri ataandika ubaoni kwamba derivativu ya fanksheni f, yaani mteremko wa grafu yake, ni limiti ya (f(x + h) − f(x))/h, h inapokaribia sifuri, kisha atakuambia utumie ufafanuzi huo kwa f(x) = 1/x. Kazi karibu yote ya swali hilo ni kutoa 1/x kutoka kwenye 1/(x + h). Asili ya pamoja ni x(x + h), juu unabaki na x − (x + h), yaani −h. Ukigawa kwa h, h inakatika, unabaki na −1/(x(x + h)). Hapo ndipo kalkulasi inapoingia kwa mara ya kwanza: h ikienda sifuri, jibu ni −1/x². Mstari mmoja wa kalkulasi, mingine yote ni aljebra. Swali la nne linafanya kazi hiyohiyo kwa √x, na hila yake ni kuzidisha juu na chini kwa √(x + h) + √x. La kwanza ni la x³. La tano nitalirudia baadaye kidogo, kwa sababu lina kitu ndani yake.

Sasa wenzako wa PCM. Faida wanayo, tusidanganyane. Hesabu yao ni somo kamili lenye karatasi mbili kwenye mtihani wa taifa, yenu ni somo la ziada lenye karatasi moja. Wameshakutana na namba changamano, fanksheni za haipaboliki na milinganyo ya difrensia, na wewe hujakutana nayo. Ila ukiifungua silabasi ya BAM utakuta fanksheni, aljebra, difrensiesheni, intigresheni, trigonometria, vipeo na logarithimu. Sehemu kubwa ya mada za muhula wa kwanza umeshaziona, kwa kina kidogo. Wanachokuzidi zaidi ni idadi ya maswali waliyofanya, na hilo pengo linazibika kwa kalamu.

Na wao wana ugonjwa wao. Wiki tatu za kwanza kila kinachoandikwa ubaoni wanakijua. Anakuja mhadhara wa kwanza, wa pili anachelewa, wa nne haonekani. Halafu unaingia ufafanuzi wa limiti kwa epsiloni na delta, thioremu ya thamani ya wastani, na maswali yanayoanza na neno "thibitisha". Hayo hayamo kwenye madaftari yake ya kidato cha sita, na yeye ameshazoea kutokuwepo. Nimeona wanafunzi wa PCB wakiwapita hapo, kwa sababu tu walikuwa na hofu na hofu iliwaleta darasani.

Kasoro halisi ya BAM, kwa maoni yangu, iko kwenye kikokotoo. Matumizi ya kikokotoo ni mada ya silabasi, na wengi wenu mmetoka hapo mkijua kubonyeza kitufe chenye alama ya intigrali na kuandika jibu lenye desimali nne. Chuoni 1.0472 halina maana mahali panapotakiwa π/3, na alama nyingi zimewekwa kwenye njia, ambayo kitufe hakiwezi kukuandikia. Kwa hiyo usinunue kingine. Ulicho nacho kinatosha, na kwa wiki hizi kifungie sandukuni. Kabla hujakifungia, kitoe kwenye digrii ukiweke kwenye radiani, ujaribu jambo moja: gawa sin x kwa x, x ikiwa 0.1. Utapata 0.9983. Jaribu 0.01, utapata 0.99998. Inakwenda kwenye 1, na juu ya hiyo 1 ndipo ilipojengwa kanuni kwamba derivativu ya sini ni kosini. Sasa rudisha digrii, ufanye hivyohivyo. Utapata 0.01745, na hata ukipunguza x vipi haitasogea, kwa sababu hiyo ni π/180. Katika digrii, derivativu ya sini ni kosini iliyozidishwa kwa hiyo 0.01745, na uchafu huo ungekufuata kwenye kila hesabu. Ndiyo maana kalkulasi hutumia radiani, na ndiyo maana mwanafunzi ambaye bado anafikiri kwa nyuzi 30 na nyuzi 45 huchelewa kwenye kila swali la trigonometria. Zijue π/6, π/4, π/3 na π/2 kama unavyojua siku za wiki.

Tuje kwenye limiti, maana hapo ndipo ninapotaka utulie.

Chukua (x² − 9)/(x − 3), x ikielekea 3. Ukiweka 3 moja kwa moja unapata sifuri juu na sifuri chini. Mwanafunzi mmoja ataandika 0, mwingine 1, mwingine ataandika kwamba limiti haipo. Wote watatu wanajibu swali ambalo hawakuulizwa. Limiti haijali kinachotokea x ikiwa 3. Inauliza thamani inaelekea wapi x ikiwa jirani ya 3. Weka 2.9, unapata 5.9. Weka 2.99, unapata 5.99. Njoo kwa upande mwingine, 3.01 inakupa 6.01. Inaelekea 6. Aljebra inatoa sababu: juu ni (x − 3)(x + 3), na kwa kuwa x si 3, una haki ya kukata (x − 3), ukabaki na x + 3. Ukiandika swali hili kwenye mtihani, yaandike na hayo maneno "kwa kuwa x si 3". Bila hayo umegawa kwa sifuri, na msahihishaji makini atakuzungushia duara.

Kama jambo hili halikai kichwani haraka, usijilaumu. Newton na Leibniz waliianzisha kalkulasi katika karne ya 17, kila mmoja kwa njia yake, na Leibniz alichapisha kanuni zake mwaka 1684. Lakini hakuna kati yao aliyeweza kueleza sawasawa kile kiasi kidogo mno walichokuwa wakigawia ni kitu gani. Mwanzoni mwa hesabu si sifuri, kwa sababu wanagawia. Mwishoni ni sifuri, kwa sababu wanakitupa. Mwaka 1734 George Berkeley, askofu wa Ireland, aliwakejeli hadharani, akauliza kama hiyo si mizuka ya viasi vilivyokwisha kufariki. Kwa kweli alikuwa na hoja. Jibu la kuridhisha lilianza kupatikana kwa Mfaransa Cauchy mwaka 1821, na sura tunayoifundisha leo ilikamilishwa na Mjerumani Weierstrass baadaye katika karne hiyohiyo. Watu wenye akili nyingi walihangaika kwa zaidi ya miaka mia moja, na wewe unapewa mihadhara miwili.

Sura hiyo ndiyo epsiloni na delta. Mimi nadai limiti ya 2x + 1, x ikielekea 3, ni 7. Wewe huniamini. Unaniwekea sharti: jibu lisiachane na 7 kwa zaidi ya 0.1. Kazi yangu ni kukuambia x ikae karibu na 3 kiasi gani. Tofauti kati ya 2x + 1 na 7 ni 2x − 6, ambayo ni mara mbili ya tofauti kati ya x na 3, kwa hiyo nikikaa ndani ya 0.05 sharti lako limetimia. Unabana zaidi: 0.001. Nakujibu 0.0005. Ili tusikeshe, nakupa jibu la kumaliza ubishi: taja epsiloni yoyote iliyo kubwa kuliko sifuri, delta yangu itakuwa nusu yake. Uthibitisho umekwisha. Kilichobaki ni kuuandika kwa alama. Sasa litazame tena lile swali la tano la jaribio. Sharti |2x − 6| < 1 lilikuwa epsiloni ya 1, na jibu lako la kati ya 2.5 na 3.5 lilikuwa delta ya 0.5. Ulishafanya epsiloni na delta bila kuambiwa.

Angalia lakini nani anatangulia kusema. Wewe unataja epsiloni, ndipo mimi natafuta delta. "Kwa kila epsiloni ipo delta" ni kitu kimoja, na "ipo delta moja inayofaa kila epsiloni" ni kingine kabisa. Kila mtu ana mama yake, lakini hakuna mama mmoja aliyewazaa watu wote. Mwanafunzi anayekariri ufafanuzi kwa kufuatisha alama bila kujua mpangilio huu huugeuza kwenye mtihani, na ukigeuzwa alama zinakwenda zote, hata kama herufi ziko kamili.

Kuna jambo la lugha hapa. Mihadhara, vitabu na mtihani ni Kiingereza. Ushauri wangu ni wa pande mbili. Ufafanuzi rasmi, wa limiti, wa mwendelezo wa fanksheni, wa derivativu, uukariri kwa Kiingereza neno kwa neno, kwa sababu ndivyo utakavyoulizwa. Halafu mweleze mwenzako ufafanuzi huohuo kwa Kiswahili, bila alama, mpaka akuelewe. Ukishindwa kumweleza, bado hujauelewa, hata kama umeukariri na nukta zake. Wanafunzi wengi hufanya lile la kwanza tu.

Difrensiesheni yenyewe haitakusumbua sana. Kanuni ni chache na BAM umeshazigusa. Kinachopoteza alama ni kanuni ya mnyororo. Derivativu ya sin(x²) ni 2x·cos(x²). Derivativu ya sin²x ni 2 sin x cos x. Zinafanana kwa macho ya haraka, na chini ya saa ya ukutani wengi huzichanganya. Jiulize hivi: kama ningekuwa nakokotoa thamani kwa mkono, ni kitendo gani ningefanya mwisho? Kwa sin(x²), mwisho ni sini. Kwa sin²x, mwisho ni kupandisha kwenye kipeo cha pili. Anza kudifrensieti kwa kitendo hicho cha mwisho, kisha uingie ndani, na usisahau kuzidisha. Fanya maswali ya aina hii mpaka mkono uandike kabla kichwa hakijauliza. Hapa kukariri kwa mkono hakuna aibu.

Chora pia grafu ya |x|, ile V. Haina mahali ilipokatika, lakini penye ncha, x ikiwa 0, haina derivativu: ukija kutoka kushoto mteremko ni −1, kutoka kulia ni 1, na haviwezi kukubaliana. Wahadhiri wanaipenda grafu hiyo kupita kiasi. Itatokea, kama si kwenye jaribio basi kwenye mtihani wa mwisho.

Mafumbo ndiyo mengine yanayotenganisha watu. Una wavu wa mita 100, unataka kuzungushia ua wa kuku wa mstatili, na upande mmoja ni ukuta wa nyumba usiohitaji wavu. Vipimo gani vinakupa eneo kubwa kuliko yote? Wengi hukisia mraba, mita 33.3 kila upande, eneo kama mita za mraba 1,111. Sasa fanya hesabu. Uite upana x. Wavu unatumika kwenye pana mbili na urefu mmoja, kwa hiyo urefu ni 100 − 2x, na eneo ni x(100 − 2x), yaani 100x − 2x². Derivativu ni 100 − 4x, inakuwa sifuri x ikiwa 25. Urefu ni 50, eneo ni 1,250. Kalkulasi ilikuwa mstari mmoja tena. Aliyeshindwa swali hili alishindwa pale alipotakiwa kuandika 100 − 2x, kwa sababu hakuchora picha au hakusema x ni nini. Nasisitiza picha. Nimesahihisha majibu mengi ya mafumbo yasiyo na picha, na mara nyingi unaona mtu akielea tangu mstari wa kwanza. Na mwisho sema kwa nini 25 inatoa kikubwa na si kidogo: derivativu ya pili ni −4, ni hasi. Sentensi hiyo fupi ina alama yake.

Intigresheni kwa kawaida huja mwishoni mwa muhula, wakati watu wamechoka na bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, limekwisha. Sitaisema sana. Jua kwamba thioremu ya msingi ya kalkulasi inaunganisha vitu viwili vilivyoonekana havina undugu, mteremko na eneo: eneo chini ya grafu ya x² kutoka 0 hadi 3 hupatikana kwa kutafuta fanksheni ambayo derivativu yake ni x², nayo ni x³/3, na kuweka 3 kisha 0, ukatoa la pili kwenye la kwanza, ukapata 9. Jua kwamba mbinu ya kubadili kigeu ni kanuni ya mnyororo ikirudi kinyumenyume, hivyo aliyeikamata ile ameikamata hii. Na usiache C kwenye intigrali isiyo na mipaka. Ni alama ya bure ambayo kila mwaka inatupwa.

Wiki zako sita basi. Tatu za kwanza ni za aljebra tupu: mabano, sehemu, vigawo, vipeo, vipeuo, milinganyo isiyo sawa, logarithimu. Kitabu chochote cha hesabu cha kidato cha tatu na cha nne kinatosha, na kama una mdogo wako nyumbani msaidie kazi zake, utashangaa unavyokumbuka. Wiki ya nne trigonometria kwa radiani. Ya tano fanksheni na grafu: jifunze kuchora kwa mkono x², x³, 1/x, √x, |x|, eˣ, ln x, sini na kosini, bila kupanga majedwali ya namba, kisha uzisogeze juu, chini, kushoto na kulia. Ya sita ndiyo ya limiti na derivativu kutoka kwenye ufafanuzi wake. Saa mbili kwa siku zinatosha. Kichwa kilichotoka JKT juzi hakitaki saa nane.

Ukishafika chuoni utakutana na desa. Kuna desa za kila kozi, maswali ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake, zinatembea kwenye simu na kwenye maduka ya fotokopi. Zitumie, ila kwa namna moja tu: funika jibu, fanya swali kwa kalamu mpaka ukwame, funua mstari mmoja, funika tena. Anayesoma jibu la desa kwa macho anaona kila mstari una mantiki, anatikisa kichwa, anageuza ukurasa, na siku ya pepa anagundua kwamba kuelewa mstari ulioandikwa na mtu mwingine hakumfundishi kuuandika. Zile programu za simu zinazotatua hesabu ukizipiga picha zina hatari hiyohiyo, tena kubwa zaidi, kwa sababu hazichoki. Mimi sizipigi marufuku. Zinafaa kuthibitisha jibu ulilokwisha kulipata.

Vipindi vya semina, vile vya kundi dogo na mkufunzi msaidizi, usivikose hata kama mhadhara mkubwa unakuchosha. Ukumbini mko mamia na hakuna atakayejua kwamba umepotea. Kwenye semina mkufunzi anaweza kukuita ubaoni, na dakika tano za kuabishwa ubaoni zitakufundisha zaidi ya saa moja ya kunakili. Diskasheni ya watu watatu au wanne ni nzuri mradi kila mmoja aje ameshajaribu maswali peke yake. Ya watu kumi huwa ni mhadhara mwingine, mmoja anafundisha na tisa wananakili.

Kuhusu sapu yenyewe, soma kanuni za chuo chako mapema. Vyuo vyetu vingi huweka alama 40 kwenye majaribio na kazi za muhula, na 60 kwenye mtihani wa mwisho, na vingine vinadai kiwango fulani kwenye zile 40 kabla hujaruhusiwa kuingia kwenye mtihani. Jaribio la kwanza la kalkulasi huwa baya kwa watu wengi, na wengi hukata tamaa hapo wakati hesabu bado inawaruhusu. Tuseme umemaliza muhula na 14 kati ya 40, na ufaulu ni 40 kati ya 100. Unahitaji 26 kati ya 60, ambayo ni chini ya nusu. Inawezekana kabisa, kama utajua zile alama za jaribio zilipotelea wapi.

Kwa hiyo karatasi ya jaribio ikirudi, usiikunje. Pitia kila alama iliyokatwa, uandike pembeni kama ni kosa la aljebra, la kanuni, au la kutoelewa swali. Mara nyingi utakuta la aljebra ndilo limejaa. Halafu nenda nayo kwa mhadhiri. Sisi tunapenda mwanafunzi anayekuja na karatasi yake na swali moja mahususi, "hapa kwenye mstari wa nne kwa nini siwezi kukata?", kuliko anayekuja kusema hajaelewa mada nzima. Mwandikie barua pepe kwanza, taja kozi na namba yako ya usajili, uombe muda ofisini, na usingoje wiki ya mitihani, kwa sababu wiki hiyo mlangoni huwa kuna foleni.